Mama wa Mashine na Stima ya Jua

Kwa miaka mingi tulitenganishwa na ukuta mmoja tu, yeye akisaga upande wake na mimi nikinyoa upande wangu, na kwa muda huo wote sidhani kama aliwahi kuniambia neno kwa sauti ya chini. Injini ya dizeli ilikuwa imemzoesha kupiga kelele. Hata Jumapili, mchungaji akisema tufumbe macho kila mtu aombe kimyakimya, kanisa zima la Migwani lilijua Mama wa Mashine anamwomba Mungu nini. Aliomba mvua ya Novemba isikatike katikati. Aliomba binti yake apate mume asiyekunywa. Kuna wakati alimwombea diwani wetu apone mguu, halafu akaongeza kwamba akishapona asirudi kwa kile kiti. Diwani alikuwa ameketi benchi la mbele. Sote tulizidi kufumba macho tukajifanya hatujasikia.

Soko lote lilimwita hivyo, Mama wa Mashine, hata wazee waliomzidi umri. Mimi aliniita Kinyozi, na aliendelea kuniita Kinyozi hata siku ya harusi yangu, alipoinuka kutoa zawadi mbele ya wakwe.

Mashine yake ilisaga mahindi, mtama na wimbi, na pembeni ilikuwapo nyingine ndogo ya kukoboa mahindi ya muthokoi, yale yanayotolewa ganda yakapikwa mazima. Asubuhi alikunja leso kiunoni, akashika hendeli kwa mikono miwili na kuizungusha. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikakohoa tena, kisha ikashika, na kuanzia hapo mimi na wateja wangu tuliongea kwa vidole. Hakumruhusu mwanamume yeyote kushika hendeli ile. Alisema wanaume huizungusha kwa hasira na injini haipendi hasira. Unga ulipenya kwenye nyufa za ukuta ukatua juu ya kioo changu, juu ya mashine za kunyolea, juu ya vichwa. Wateja walitania kwamba kwangu unaingia kijana unatoka mzee.

Wanawake waliotoka bondeni na magunia yao walisimama kwenye mteremko wakasikiliza. Wakisikia injini, wanaendelea. Wasiposikia kitu, wanageuka kurudi nyumbani. Kelele ile ndiyo iliyokuwa bango lake, na yeye alijua.

Mimi kazi yangu ya kunyoa ni ya stima, umeme wa waya. Stima ikipotea, na kwetu hupotea wakati wowote inapotaka, mteja hubaki na kichwa nusu. Hapo ndipo Mama wa Mashine alipopenda kunitembelea. Alisimama mlangoni, mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi miguuni, akamtazama yule maskini kitini, akacheka.

"Kinyozi! Stima yako imeenda kulala? Mimi naendelea!"

Kisha alimletea mteja kikombe cha chai ili asiondoke. Chai yenyewe ilikuwa na sukari mpaka kijiko kilikuwa kizito. Nadhani alifanya hivyo kwa kunionea huruma, ingawa ungemwambia angekataa.

Jambo lililompa jina zaidi ya injini lilikuwa pua. Watu wa upande wetu hawahitaji kufundishwa habari za kuvu. Karibu kila kijiji kina nyumba iliyozika mtu baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Kwa hiyo gunia lilipofika kwake, hakulipima kwanza. Aliingiza mkono mpaka kiwiko, akachota konzi ya chini kabisa, akanusa, akavunja punje moja kwa meno. Kama haikumpendeza, alilifunga lile gunia kwa kamba yake mwenyewe na kulisukuma nje.

Siku moja alimfanyia hivyo mke wa mzee wa kanisa, mbele ya foleni nzima.

"Mama, hii ni mahindi ya shamba yangu," yule mama alisema, akikaribia kulia kwa aibu.

"Na ikikuua itakuwa kifo ya shamba yako. Peleka. Mashine yangu haisagi jeneza."

Alipoteza wateja kwa maneno ya namna hiyo. Wengine walienda kusaga masoko mengine wasiulizwe maswali. Lakini wengi walirudi, na waliporudi walikuja na imani kubwa kuliko mwanzo. Mtu akiuliza sokoni kama mbegu fulani ni nzuri, kama daktari fulani ni wa kweli, jibu lililomaliza ubishi lilikuwa moja: Mama wa Mashine amesema. Nimewahi kumwona mzee akinunua mbuzi kwa sababu tu Mama wa Mashine alipita akamtazama yule mbuzi na asiseme kitu kibaya.

Alikuwa na mambo yake ambayo hayakupatana. Alisagia soko zima unga, lakini yeye mwenyewe hakula ugali. Alikula muthokoi na maharagwe, mchana na jioni, na ule muthokoi hakuukoboa kwa mashine yake hata siku moja. Aliutwanga nyumbani kwa kinu cha mti na mchi. Nilipomuuliza alisema wa mashine hauna ladha. Nikamwambia, mbona unawauzia watu? Akasema, wao hawajauliza.

Tena usije ukadhani alikuwa mtu wa kukataa mambo mapya. Siku hizi vijana wanaomsimulia humfanya mwanamke wa zamani aliyeogopa mitambo. Hawakumjua. Alikuwa wa kwanza sokoni kuacha kuni akapikia gesi. Alipopata simu yenye tochi alitembea nayo ikiwaka mchana kutwa. Na paneli ya kwanza ya sola niliyoiona Migwani juu ya nyumba ya mtu wa kawaida ilikuwa juu ya nyumba yake. Ndiyo maana yaliyofuata yalituuma hivyo.

Paneli ile aliuziwa na mtu mmoja aliyefika kutoka Nairobi, mpole, shati limepigwa pasi, wa kampuni ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Ilikuwa seti ndogo ya taa, redio na kuchaji simu. Ilifanya kazi vizuri. Mama wa Mashine aliipenda kama mtu anavyopenda ng'ombe wa maziwa. Kila asubuhi alipanda juu ya kiti akaifuta vumbi kwa ncha ya leso.

Baadaye yule mtu akarudi na habari kubwa zaidi. Sasa alikuwa na seti za biashara. Friza, mashine za kunyolea, vyerehani, vyote kwa jua. Wafanyabiashara tuliitwa mkutano kanisani, na nakumbuka jinsi tulivyokaa mikono tumeikunja. Mwenye hoteli alisema jua la kuchemsha maharagwe bado halijazaliwa. Mtu wa dawa za mifugo alisema yeye atangoja aone kwa wengine, na kila mtu akatikisa kichwa kukubali, maana kila mmoja wetu alikuwa anangoja kuona kwa wengine. Yule mpole alizungumza mpaka jasho likamtoka. Hakuna aliyeinua mkono.

Ndipo akamgeukia Mama wa Mashine.

"Mama, wewe umetumia. Waambie."

Alisimama. Hakufikiri sana, na hakuwa na sababu ya kufikiri. Alituambia kwa ile sauti yake, "Mimi nimetumia. Inafanya." Akaketi.

Maneno hayo mawili matatu yalitosha. Mimi nilichukua. Mwenye hoteli alichukua, kwa ajili ya friji ya soda. Mama mmoja aliyeuza maziwa upande wa pili wa soko, mwanamke mwangalifu aliyesugua vibuyu na chupa zake mpaka vinang'aa, alichukua seti kubwa kuliko zote, ya kuendesha friza. Wengine wakafuata.

Zilifanya kazi vizuri mwanzoni. Hiyo ndiyo sehemu mbaya, kwa maana tulianza kuzoea. Nilinyoa stima ikiwa imepotea, nikamsubiri Mama wa Mashine aje mlangoni ili mimi ndiye nimcheke. Kisha betri zikaanza kuchoka kabla ya saa sita. Fundi wa kutoka Mwingi alipofungua moja alisema ni betri kuukuu iliyopakwa rangi, na kwamba paneli zenyewe hazina nguvu hata nusu ya ile iliyoandikwa mgongoni. Tulipiga simu ya yule mpole. Haikuwa ikipatikana, na haijapatikana mpaka leo.

Sisi wengine tulirudia stima yetu ya kupoteapotea. Mama wa maziwa alikuwa ameuza jenereta yake ndogo ili apate ile seti. Friza ilizimika wakati alipokuwa amekusanya maziwa ya watu wengi, ya vijiji kadhaa, na jua kali la Februari lilimaliza kazi. Aliyamwaga nyuma ya soko. Mbwa walikuja, wakaramba, wakalala palepale kivulini wameshiba.

Asubuhi iliyofuata tulienda kwa Mama wa Mashine. Sikumbuki nani alisema twende. Tulijikuta tumesimama mlangoni mwake, mama wa maziwa mbele. Alipotuona alizima injini, na soko likawa kimya ghafla hata watu wa ng'ambo wakageuka kutazama.

"Ulisema inafanya," mama wa maziwa alisema.

"Yangu inafanya."

"Yako ni ya taa! Mimi nilinunua ya friza. Ulijua nini juu ya friza?"

Mama wa Mashine alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa namjua kwa miaka, na nilingoja afoke, maana kufoka ndiyo kazi aliyoijua. Hakufoka. Midomo ilimcheza kidogo, kama mtu anayetafuta jina la mtu. Kisha akatugeuzia mgongo, akashika hendeli, akazungusha. Injini ikashika. Mama wa maziwa aliendelea kusema, niliona mdomo wake ukifunguka na kufungika, lakini hakuna aliyemsikia, na moshi ukatufukuza mlangoni.

Mama wa Mashine hakulizungumzia tena jambo lile. Mama wa maziwa alifunga duka, akapakia friza kwenye lori, akahamia Emali.

Tangu hapo ndipo Mama wa Mashine alipokuwa yule mtu ambaye vijana wanamsimulia. Mikutano ya soko alikuja lakini hakusimama. Mtu akimuuliza kama mbegu fulani ni nzuri alijibu, "Mimi sisemi kitu." Mahindi mabovu aliendelea kuyakataa, ila sasa aliyasukuma nje bila neno. Na sola hakutaka hata kusikia ikitajwa karibu na mashine yake. Walikuja watu wengine baadaye, watu wa kweli, wenye ofisi zinazojulikana na mafundi wanaorudi ukiwaita. Shule ikaweka paneli. Zahanati ikaweka. Sokoni kila mfanyabiashara aliwajibu neno lilelile: tulishaona. Na wageni hao walipobishana na mtu wa dawa za mifugo, alinyoosha kidole upande wa ile kelele akasema, "Huyo mama ndiye aliyetangulia kujua hii mambo ya jua, na bado anaunguza dizeli. Wewe unafikiri ni kwa nini?"

Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe ni kwa nini. Hata mimi sikumuuliza. Nilikuwa nikimwona kila asubuhi, ninapopita kwake kwenda dukani, amepanda juu ya kiti akiifuta ile paneli ndogo ya nyumbani, ambayo iliendelea kuwasha taa zake bila kosa. Akiniona alishuka haraka.

Dizeli ikapanda bei, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Kuna siku hakupata kabisa, akakaa juu ya gunia tupu mikono mapajani, na wanawake kule mteremkoni wakasikiliza, wakageuka. Kikohozi kilimwingia, kile kikavu cha moshi. Masikio yalikuwa yakiziba polepole bila sisi kujua, kwa sababu mtu anayepiga kelele siku zote huwezi kujua kama anasikia. Mimi niligundua nilipomsalimia kwa nyuma mara kadhaa asigeuke. Kuanzia hapo nilimzunguka mbele ndipo nikasema, maana alikuwa amejifunza kusoma midomo, na alikuwa hodari.

Binti yake alisomea ufundi wa stima, akaajiriwa kufunga pampu za sola kwa wakulima wa Makueni. Alikaa Emali, na alikuja nyumbani likizo akiwa na buti za kazi na mkanda wa vifaa kiunoni. Mama alimwonea fahari sana. Alinionyesha picha ya yule msichana amesimama juu ya tangi la maji, akaniambia, "Ona vile haogopi." Lakini binti alipomwambia kwamba hata mashine ya kusaga inaweza kuendeshwa na jua, mota badala ya injini, paneli juu ya paa, ugomvi ulizuka. Siku hiyo dizeli ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mimi upande wangu nilisikia kila kitu, pamoja na mteja wangu, ambaye alinikataza kuwasha mashine ya kunyoa ili tusikose.

"Mwaitu, mama yangu, yule mtu alikuwa mwizi," binti alisema. "Jua haikuibia mtu."

"Najua alikuwa mwizi!"

"Sasa unaogopa nini?"

"Huyo mwizi alitumia mdomo yangu. Hakuna mtu hapa alimjua. Hawakununua kwake, walinunua kwangu mimi."

"Basi waambie hivyo. Waambie wewe pia ulidanganywa."

Mama akasema, na kwa mara ya kwanza nilisikia ile sauti ikikatika katikati, "Niwaambie nini? Mimi ninanusa mahindi ya kila mtu. Naweza kuwaambia sikunusa huyo?"

Mteja wangu alinitazama kwenye kioo. Nilimwambia ainamishe kichwa.

Mama wa Mashine alivunjika mkono mwaka huohuo, baada ya mavuno. Nilisikia injini ikikohoa, ikanyamaza. Nikangoja ianze tena kama kawaida. Haikuanza. Nilipoingia nilimkuta ameketi chini, hendeli imeruka nyuma na kumpiga, mkono wa kulia unaning'inia vibaya, na uso wake umekuwa wa kijivu chini ya unga. Alichoniambia ni hiki: "Funga mlango. Watu wasinione." Tulimpeleka Kitui akafungwa plasta, na daktari aliyemfunga akampima masikio, akatikisa kichwa.

Mashine ilikaa bila kusaga kwa kipindi kirefu. Watu walienda kusaga mbali, na wengine, nasema hili kwa uchungu, walisaga mahindi ambayo yeye angeyafungia nje.

Leo ukipita Migwani utaziona paneli juu ya paa lake, zimepangwa sawasawa kama madaftari, na ndani mota inazunguka kwa mlio mdogo. Siwezi kusema kila kitu kimekuwa kizuri. Miezi ya baridi, mawingu ya Julai yakikaa juu yetu, mashine husaga kwa uvivu. Ukileta gunia jioni utarudi nalo nyumbani. Wanawake wa bondeni hawana tena kelele ya kusikiliza, na wengine wamepanda mteremko wote na mzigo kichwani wakakuta wingu. Injini ya zamani bado iko pembeni chini ya turubai, na amekataa kuiuza. Mwenye hoteli alifariki kabla yeye na Mama wa Mashine hawajasemezana juu ya zile seti. Mtu wa dawa za mifugo bado anangoja aone kwa wengine.

Ila mfanyabiashara akija kumuuliza kama hiyo stima ya jua inafaa, Mama wa Mashine humwambia kasoro kwanza. Humwambia habari za Julai. Humwambia amlete fundi afungue betri kabla hajatoa kitu, na akae pale kutwa nzima, siku ya jua na siku ya wingu, aangalie. Wengi huona ni kazi nyingi, wakaenda zao. Wachache wamekaa. Mimi nilikaa, na sasa nanyoa kwa jua tena, na bado naogopa kidogo kila betri inapolia.

Watu hudhani aliyembadilisha ni binti, au ni mkono uliovunjika. Mimi nadhani ni Emali, kwa sababu nilikuwepo.

Plasta ilikuwa bado mkononi. Binti alikuwa amemwita akapumzike kwake, na mimi niliombwa nimsindikize, nimbebee mzigo na kumsikilizia makondakta. Tulipitia Kitui na Wote, tukafika Emali mchana, malori yamejipanga kando ya barabara ya Mombasa na vumbi limesimama. Nilitaka kumpigia binti aje atuchukue. Mama alinishika mkono wa shati.

"Bado. Nipeleke kwa yule wa maziwa."

Nilijifanya sikuelewa. Akasema tena kwa nguvu, na watu wa steji wote wakageuka, kwa hiyo nikampeleka. Binti alikuwa ameniambia siku nyingi duka lilipo, upande wa barabara ya Loitokitok. Lilikuwa duka zuri kuliko lile la kwetu. Chupa zilikuwa zimesuguliwa vilevile. Kulikuwa na foleni ya watu wameshika vibuyu na chupa tupu, na mama wa maziwa nyuma ya meza, amenenepa kidogo, miwani puani. Alituona. Aliendelea kumimina mpaka chupa iliyokuwa mkononi ikajaa, akaifunga, akampa mwenyewe.

"Mama wa Mashine," alisema.

"Ni mimi."

"Mkono umefanya nini?"

"Hendeli."

Mama wa maziwa akachukua chupa nyingine. Mama wa Mashine alisogea mpaka mbele kabisa, na hakuna aliyemzuia.

"Nimekuja kusema kitu. Ile siku mlikuja kwangu, mimi niliwasha injini."

Sauti ile ilijaza duka. Mtoto wa mtu alianza kulia. Mama wa maziwa akaweka chupa chini.

"Nakumbuka."

"Sikutakiwa kuwasha."

"Mama, wacha nikwambie." Aliona jinsi mwenzake alivyoikazia macho midomo yake, akaelewa, akavua miwani na kusema polepole. "Mimi sikukasirika juu ya maziwa. Maziwa huharibika, hiyo ni biashara. Na huyo mtu alidanganya sisi wote, hata wewe. Lakini nilikuwa nangoja utoke. Nikafunga vitu yangu, nikasikia unasaga. Nikapakia friza kwa lori, unasaga. Nikasema, huyu mama atatoka sasa. Lori ikaondoka bado unasaga. Ungetoka tu useme pole."

"Pole," Mama wa Mashine alisema.

"Umechelewa."

"Najua."

"Umechelewa sana." Mama wa maziwa akavaa miwani tena. Mikono yake ilitafuta kitu mezani, ikakosa. "Lakini nimesikia."

Nilidhani yameishia hapo, nikaanza kuchukua mzigo. Mama wa Mashine hakusogea. Alikuwa akitazama waya uliotoka darini ukashuka ukutani mpaka nyuma ya friza.

"Hii ni ya jua?"

"Ni ya jua."

"Uliweka tena?"

"Niliweka tena. Nilikaa miaka nikiogopa, nikaweka."

"Inafanya?"

Mama wa maziwa alicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Yaani ni wewe unaniuliza hiyo?"

"Nakuuliza."

"Mimi siwezi kukwambia. Kuja hapa."

Alisogeza meza akampitisha ndani. Akainua mfuniko wa friza, akaushika mkono wa kushoto wa Mama wa Mashine, ule mzima, akauingiza katikati ya chupa mpaka karibu na kiwiko. Mvuke mweupe ukapanda. Mama wa Mashine alishtuka, kisha akatulia. Alipapasa chini kabisa, pembeni, akageuza kiganja, akakaa hivyo ameinama, plasta imebanwa kifuani, na sikuweza kuona uso wake. Foleni ilingoja na chupa zake tupu. Lori lilipita nje, vioo vikatetemeka.

Hatimaye mama wa maziwa alimgusa begani ili amtazame mdomo.

"Toa mkono sasa, Mama. Baridi inatoka, na watu wanataka maziwa."